Kabla hujalipa karo ya digrii ya pili, tafuta swali

Tangu nimalize digrii ya pili ya historia simu haziishi. Mwalimu mwenzangu anataka kujua aombe chuo gani, msichana niliyemfundisha tangu fomu wani na sahii amemaliza chuo anauliza kama ni sawa aendelee moja kwa moja ama atafute kazi kwanza, binamu yangu naye anauliza digrii ya sanaa itamsaidia na nini Kenya hii. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kurudia, basi wacha niandike yote hapa mara moja vile mi nimeyapitia.

Kila mtu namuanzia hapa: nikikuuliza unataka kusoma nini usinitajie jina la kozi, niambie swali. Historia si swali. Sosholojia si swali, fasihi si swali, ata isimu na jinsia zote si maswali, hayo ni majina ya idara. "Nataka kujua kwa nini wenye nyumba wengi kule Pangani ya zamani hapa Nairobi walikua wanawake, na mali yao iliishia wapi baada ya kuhamishwa", hilo ndilo swali, na ndilo lilinivusha mimi. Mtu mwenye swali anajua asome nini na aache nini, anajua ni lekchara gani atamfaa, anajua habari anazotafuta ziko wapi, na akikwama anajua amekwamia wapi. Mwenye jina la kozi peke yake atafanya vizuri sana mwaka wa kwanza, atapata A zake, alafu mwaka wa pili utamkuta amekaa.

Na huo mwaka wa pili ndio unamaliza watu bana. Kwa vyuo vyetu digrii ya pili ya sanaa ni miaka miwili kwenye karatasi. Wa kwanza ni yuniti za darasani, nadharia, mbinu za utafiti, insha ndefu ndefu na mitihani. Wa pili unaandika pendekezo la utafiti, unalitetea mbele ya idara, unaenda nyanjani, unarudi unaandika tasnifu, inasomwa na watahini wa ndani na wa nje, alafu unaitetea. Kuna pia njia ya kufanya yuniti nyingi zaidi na mradi mdogo mwishoni, na sio ya kudharauliwa, kama unachotaka ni kuongeza ujuzi wa kazi hiyo inakutosha na utamaliza mapema. Lakini kama PhD iko kichwani mwako chukua ile ya tasnifu, utahitaji mazoezi hayo.

Sisi tulikua darasa la jioni, wengi walimu, wawili watatu wa benki, mmoja wa magereza, dada mmoja wa redio. Tunaingia saa kumi na moja na nusu tunatoka saa mbili na nusu usiku, unashuka mjini unatafuta mat ya Jogoo Road, unafika nyumbani watoto wamelala na madaftari ya kidato cha pili bado yanakungoja kusahihishwa. Ni ngumu lakini inaendeka, juu kuna ratiba, kuna lekchara amesimama hapo mbele, kuna wenzako kwa grupu ya WhatsApp wanakuuliza umeandika kurasa ngapi. Mwaka wa pili hakuna kengele. Hakuna mtu anakungoja mahali popote saa kumi na moja na nusu. Grupu inanyamaza, mmoja anahamishwa kikazi, mwingine anajifungua, mwingine baba yake anaugua na pesa ya karo inaenda hospitali, na kabla hujageuka ni miaka mitatu. Darasa letu wengi walimaliza zile yuniti zote. Waliovaa joho ni wachache, na sio ati ndio walikua na akili kuliko wengine, yule aliyekua anaongoza darasa zima mpaka leo hajarudisha pendekezo. Nikimuuliza ananiambia bado anatafuta mada.

Swali langu mimi halikutoka darasani. Nafundisha historia na Kiswahili shule moja ya Eastlands na wanafunzi wangu wengi ni wa Majengo, Pumwani. Kuna wakati tulikua tunasoma kuhusu Nairobi ya wakati wa ukoloni, mwanafunzi mmoja akainua mkono akaniambia mwalimu, nyanya ya mama yangu alizaliwa Pangani ile ya kwanza kabla ivunjwe, njoo umuulize. Nikaenda Jumamosi. Nikamwamkia shikamoo nyanya, akaitikia marahaba mjukuu wangu, karibu, keti hapo karibu na mimi sisikii vizuri upande huu. Alikua amepita miaka 90. Akaniambia mamake alikua na nyumba yake Pangani, ya udongo, vyumba sita, na kodi alikua anakusanya mwenyewe mkononi, hakua na bwana wa kumkusanyia. Kijiji kilipovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakaambiwa wahamie huku Shauri Moyo na Pumwani, mamake aling'oa mlango wa mbele akaupakia kwa mkokoteni. Mlango wenyewe ulikua hapo hapo nyuma yangu! Mbao nzito imekua nyeusi kwa miaka, chini imekatwa kama inchi mbili hivi ndio itoshee fremu ya chumba hiki cha sasa, na komeo lake la chuma bado linafunga. Nikamuuliza, nyanya, kwa vitu vyote mbona mlango? Akasema paa lilikua la madebe, hayo yangepatikana popote, lakini mlango mamake alikua ameununua kwa fundi Mhindi na pesa ya wapangaji na hakua tayari kuuachia askari.

Nilitoka hapo nikiwa na swali, na wakati huo sikua nimeomba chuo chochote. Form ya chuo nilijaza miezi baadaye nikiwa najua kabisa naenda kutafuta nini.

Alafu ukishakua na swali ata mahali unapopita kila siku panabadilika. Kenya National Archives pale Moi Avenue, watu wa Nairobi huwa wanapangia kukutana nje hapo na hawajawahi kuingia ndani. Lile jengo zamani lilikua la Bank of India. Chini kuna mkusanyiko wa sanaa na vitu vya Joseph Murumbi, aliyekua makamu wa pili wa rais wa nchi hii, na hiyo peke yake inatosha kukupotezea asubuhi nzima. Lakini kuna chumba cha kusomea. Unaacha begi, unaingia na penseli na daftari, unatafuta namba ya faili kwenye orodha, unajaza kikaratasi, unangoja uletewe. Faili inakuja na vumbi lake, karatasi nyembamba zile za taipureta za kaboni, na harufu yake mi hadi leo naipenda. Nilisoma barua za maafisa wa wakoloni kuhusu Pangani na Pumwani likizo nzima ya Agosti. Wanahesabu nyumba. Wanahesabu vyoo. Wanaandika juu ya malaria na ulevi na nani hajalipa kodi ya kiwanja. Wenye nyumba wanatajwa kama idadi tu, na wanawake wakitajwa mara nyingi ni kwa kulalamikiwa. Jina la mama wa yule nyanya nililitafuta sana, sikulipata popote.

Hapo ndio tasnifu yangu ilijiandika yenyewe sasa, juu nilikua na faili inasema kitu kimoja na mlango unasema kingine, na kazi ya mwanahistoria ni kuviweka mezani pamoja na kuuliza ni kwa nini havilingani. Mimi nasema hivi kwa yeyote anayedhani masomo ya sanaa ni ya kukariri: kaa na faili moja ya mwaka wa 1938 siku nzima, ujaribu kujua aliyeandika alikua anamuandikia nani na alikua anaficha nini, alafu uniambie kama hiyo ni kukariri.

Sasa msimamizi. Kozi nyingi zinakupa wasimamizi wawili na hapa watu wanaachia bahati. Usiachie. Kabla idara ikupangie mtu, enda usome kazi za malekchara wa idara hiyo, ata kama ni makala moja moja, ujue nani anafanya kitu kiko karibu na swali lako, na umtembelee ofisini ukiwa na ukurasa mmoja mkononi umeeleza unachotaka. Ukurasa mmoja tu. Mimi msimamizi wangu wa pili nilimpata hivyo na alikua wa maana sana, alikua ananirudishia sura imejaa wino mwekundu lakini ndani ya wiki mbili, na akiandika "sielewi" pembeni ujue kweli hapo hapaeleweki.

Wa kwanza, nisiseme mengi. Alikaa na sura yangu ya pili semesta nzima. Nikipiga simu yuko safarini, nikienda ofisini nimemkosa dakika tano zilizopita, na wakati huo wote karo ya semesta inalipwa kama kawaida, chuo hakikupunguzii ati juu msimamizi hajasoma. Hii hali iko vyuo vingi na inaumiza watu wazima wenye familia, na mi naona ni dhuluma kabisa, siwezi kuitafutia jina nzuri. Kilichonisaidia ni karatasi. Kila sura nilikua naipeleka kwa barua pepe na nakala kwa msimamizi wa pili, kila mkutano nikitoka naandika mistari mitatu ya tulichokubaliana na kumtumia, na zile ripoti za maendeleo za kila semesta nilikua nazijaza vile mambo yalivyo, sijazi ati yote yako sawa. Ilipofika mahali pa kumwandikia mwenyekiti wa idara barua ya kuomba abadilishwe, sikua na haja ya kubishana na mtu, nilikua na tarehe zote. Ilichukua mwezi na nikapewa mwingine. Wenzangu wengi wanaogopa kufanya hivyo wakidhani watahujumiwa kwa utetezi. Andika kwa heshima, usitukane mtu, taja tarehe, uombe unachoomba. Ni haki yako.

Kitu kingine kinaniuma na lazima nikiseme. Hapa Nairobi kuna vijana wengi sana wana kipaji cha kuandika, na kazi yao ni kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za kulipiwa, usiku kucha, kwa laptopu ya kukopa. Nawajua kadhaa. Mmoja ameandika insha za watu za historia ya Ulaya, za saikolojia, za uuguzi, na yeye mwenyewe hajawahi kurudi kusoma digrii ya pili juu ya pesa. Sasa imefika pahali ata wa hapa nyumbani wanaandikiwa tasnifu. Nawaomba msinunue. Mbali na kwamba ni wizi, siku ya utetezi mtahini atafungua ukurasa wowote akuulize kwa nini ulichagua wahojiwa hawa na sio wale, na hilo swali huwezi kulijibu kama hukukaa nao. Na wewe unayeandikia watu, hebu fikiria sana kutumia mkono huo kwa pendekezo lako mwenyewe.

Kwa upande wa vibali, usingoje dakika ya mwisho. Huwezi kuenda nyanjani kuhoji watu bila leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi na utafiti, inaombwa mtandaoni, na wanataka barua ya chuo, pendekezo lenyewe na kulipia, mi nililipa 1,000 kwa M-Pesa kama mwanafunzi wa digrii ya pili. Kabla ya hapo unapitia kamati ya maadili ya utafiti, na hapo ndio muda unaenda, basi peleka mara tu unapomaliza kutetea pendekezo. Ukishapata leseni unajitambulisha kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Mi naongeza: enda pia kwa chifu na kwa wazee wa mtaa, na kama ni Majengo enda msikitini ujulikane. Barua yenye mhuri haikufungulii mlango wa mtu. Nyanya wangu wa pili na wa tatu niliwapata juu mzee mmoja alisimama nami kwa mlango akasema huyu ni mwalimu wa watoto wetu.

Na Marekani je? Hilo swali ndio linaulizwa kuliko yote. Rafiki yangu tuliyesoma naye digrii ya kwanza yuko huko anafanya PhD, na mengi nayajua kupitia yeye. Kule chuo kinaweza kua na koleji moja ya sanaa na sayansi, ndani yake unakuta historia, Kiingereza, falsafa, hisabati, kemia na baiolojia zote chini ya paa moja. Hapa tumezoea vimegawanywa, kama Chuo Kikuu cha Nairobi tangu kipangwe upya mwaka wa 2021 sanaa na sayansi za jamii ni kitivo chake, na sayansi na teknolojia iko Chiromo na kitivo chake. Hiyo ya Marekani inamaanisha barua ya kukubaliwa inatoka kwa koleji ama shule ya uzamili lakini anayekuchagua hasa ni idara, malekchara wenyewe wanakaa chini wanasoma maombi. Kwa hivyo tunarudi pale pale, wanataka kuona swali lako na kama kuna mtu kwao anaweza kulisimamia.

Watu wengi hawajui kwamba kule unaweza kuingia PhD ukiwa na digrii ya kwanza peke yake, na ile ya pili unaipata njiani. Na pesa ziko zaidi upande wa PhD. Ukikubaliwa na ufadhili, karo inaondolewa na unalipwa posho ya kuishi, kwa kubadilishana unafundisha madarasa ya wanafunzi wa digrii ya kwanza, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo juu viza ya mwanafunzi haikuruhusu kupita hapo. Digrii ya pili peke yake ya sanaa kule mara nyingi haina ufadhili, na nimeona familia zinauza shamba kuilipia, tafadhali msifanye hivyo. Maombi mengi hufungwa Desemba na Januari, majibu yanaanza Februari, na vyuo vingi vimekubaliana tarehe 15 Aprili ndio siku ya mwisho ya kujibu kama unakubali ufadhili, kwa hivyo mtu asikusukume kuweka sahihi Februari kama bado unangojea kwingine. Unahitaji barua tatu za walimu wako, basi usipotee ukishamaliza digrii ya kwanza, wasalimie, wakukumbuke. Na kuna idara kadhaa za sanaa siku hizi zimeacha kuitisha GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, angalia kabla ya kuulipia. Wewe wa Kiswahili pia ujue kuna nafasi za Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, za kufundisha Kiswahili vyuo vya kule kwa mwaka mmoja wa masomo, hazikupi digrii lakini unaijua nchi na unarudi na watu wa kukuandikia barua.

Cha kushangaza ni kwamba mafaili yetu mengi ya ukoloni yalipigwa mikrofilamu, yaani picha ndogo ndogo kwenye filamu, miaka ya 1960 na nakala ziko Chuo Kikuu cha Syracuse, New York. Rafiki yangu amesoma taarifa za Nairobi akiwa huko kwenye theluji. Lakini mlango wa Majengo hauko kwa mikrofilamu yoyote.

Binamu yangu naye na swali lake la itamsaidia na nini. Nitakuambia ukweli, kwa sisi walimu cheti cha digrii ya pili peke yake hakikupandishi cheo kesho yake, na kwa kufundisha chuo kikuu sahii wanataka PhD. Mshahara wangu haujabadilika. Kilichobadilika ni vile nafundisha. Wanafunzi wangu sahii hawanakili notsi za Nairobi ya ukoloni, wanapewa barua moja ya afisa na maneno ya nyanya mmoja, alafu wanabishana mpaka kengele inalia. Wawili kati ya wale wa darasa letu waliomaliza walipata kazi za utafiti kwenye mashirika juu walijua kuhoji mtu, kunakili mahojiano na kuandika ripoti inayosomeka, na yule dada wa redio anafanya vipindi vya historia ya mitaa. Sitadanganya mtu ati pesa inakungoja. Kama una watoto na deni la HELB, mkopo wa serikali wa kusomea chuo, la digrii ya kwanza bado linakatwa, fanya hesabu kwanza na bibi ama bwana nyumbani, na uulize chuo kama unaweza kulipa karo kidogo kidogo kila mwezi, baadhi hukubali ukiuliza mapema.

Mimi naendelea. Nimeomba PhD hapa hapa Nairobi, najua kabisa nitatakiwa kuchapisha makala mbili kwenye majarida ya kitaaluma kabla ya kuhitimu, na nimeanza ya kwanza, sio kwenye yale majarida yanakuitisha pesa kwa wiki moja na kukuchapia chochote. Ningeweza kujaribu Marekani. Lakini kati ya wale nyanya na wazee niliowahoji wanne wameshatutoka, Mungu awarehemu, na waliobaki wana miaka 90 na kitu. Miaka sita ya kukaa mbali sina. Pendekezo liko kwa idara, nangoja tarehe ya kulitetea, na Jumamosi hii naenda Shauri Moyo na rekoda, kuna mzee ameniambia mamake pia alikua na nyumba Pangani.